Miguu Kwanza, Mkia Baadaye

Swali limetoka kwa binti wa miaka 25, mzaliwa wa Njombe, ambaye sasa anaishi Mbeya mjini, maeneo ya Mwanjelwa. Ameandika hivi:

“Kamwene mwalimu, shikamoo. Nimemaliza stashahada ya uhasibu. Kabla ya hapo nilikuwa nauza viazi na mama mdogo, tunanunua kwa wakulima wa Uwemba tunaleta Mbeya. Baada ya kuhitimu nilikwenda kwenye semina ya vijana. Mnenaji alituonyesha picha za chura tangu yai mpaka chura kamili, akasema kiluwiluwi hawezi kuwa chura mpaka akate mkia, na sisi tukate mikia yetu: marafiki wa zamani, biashara za kubangaiza, hata ndugu wanaotuvuta nyuma. Nilirudi nikafuta namba nyingi kwenye simu, nikamwambia mama mdogo viazi basi. Miezi 8 imepita. Kazi sijapata, na wenzangu tuliohitimu pamoja wengine wameshaajiriwa. Usingizi hauji vizuri, hamu ya kula imepungua, najiona siko majini wala nchi kavu. Wewe umesomea mambo ya vyura. Je, ni kweli chura hukata mkia? Na kama mimi nimekata, mbona miguu haioti? Mwisho, nafundisha watoto kanisani kila Jumapili, ningependa kuwaletea viluwiluwi kwenye chupa wajionee. Nifanyeje wasife?”

Kamwene binti yangu, na marahaba.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi: chura hakati mkia. Anayekata mkia ni mjusi. Akishikwa anauachia, mkia unabaki ukirukaruka mbele ya paka na mwenyewe anaponyoka. Lakini mjusi aliyekata mkia hageuki kuwa kitu kingine. Anabaki mjusi yule yule, na mara nyingi amepoteza akiba ya mafuta aliyoiweka humo mkiani. Mnenaji wenu alionyesha picha za chura akaeleza habari za mjusi. Simsemi kwa ubaya, kwa kuwa mfano wa chura ni mzuri na una mengi ndani yake, zaidi ya aliyoyasema. Ila aliupindua, na wewe ukaufuata ukiwa umepinduliwa. Ngoja niusimamishe.

Mvua zetu zikianza, mwezi wa Novemba hivi, mashimo ya kufyatulia matofali yakajaa na mifereji ya vinyungu, zile bustani za mabondeni, ikashika maji, vyura hutaga. Yai la chura halina ganda, ni kiini cheusi ndani ya ute. Anayetoka humo ni kichwa na mkia tu. Anapumua kwa matamvua. Mdomo wake ni mdogo, una safu za vijino vya kukwangua ukijani ulioganda kwenye mawe na majani yaliyozama. Ukimgeuza tumbo juu utaona utumbo umejiviringisha duara juu ya duara, mrefu kuliko mwili wake, maana chakula cha majani hakisagiki kwa utumbo mfupi. Kwa maisha ya dimbwini huyu ni mnyama aliyekamilika. Watu husahau hilo. Humwona kiluwiluwi kama chura aliyepungukiwa, wakati yeye anaogelea, anakula na kukua vizuri kabisa, na mkia ndio unaomwezesha.

Halafu tezi ya thairoidi, ile iliyopo hata kwenye shingo yako, inaanza kumwaga homoni. Inamwaga kidogo kidogo. Naomba ushike hapa, kwa sababu jibu la swali lako la pili limekaa hapa. Homoni ikiwa bado kidogo, miguu ya nyuma ndiyo inayoitikia. Inachomoza, inapata magoti, inapata vidole, na wakati wote huo mkia ni mzima na unaendelea kuogelea. Miguu ya mbele nayo inakua, ila imefichwa chini ya ngozi upande wa matamvua, hutaiona mpaka siku inapotokeza. Miguu minne ikishakuwepo yote, na homoni imefika kileleni, ndipo mkia unaanza kupungua. Mkia ni wa mwisho.

Mpangilio huu umejaribiwa mara nyingi. Mwaka 1912 mtafiti J. F. Gudernatsch alitangaza matokeo ya kuwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya thairoidi ya farasi. Waligeuka vyura kabla ya wakati, tena vyura vidogo mno, kwa sababu hawakupewa nafasi ya kukua kwanza. Mwaka 1916 Bennet Allen akafanya kinyume chake: aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo, nao wakaendelea kunenepa na kurefuka bila kugeuka, viluwiluwi wakubwa wasiofika popote. Majaribio yaliyofuata ndiyo yanayokuhusu zaidi. Viluwiluwi wasio na tezi walipowekwa kwenye maji yenye homoni hafifu, utumbo ulifupika na miguu ya nyuma ikaota. Walipowekwa kwenye homoni kali kwa mara moja, mkia ulianza kuyeyuka kabla miguu haijatengenezwa.

Mkia unayeyuka, miguu hakuna. Kiluwiluwi wa namna hiyo hawezi kuogelea wala kuruka. Nadhani unamfahamu, kwa sababu umenieleza habari zake kwenye barua yako. Semina ya siku moja, maneno makali, muziki, machozi, kisha kijana anarudi nyumbani usiku ule ule anafuta namba za watu. Hiyo ni homoni kali kwa mara moja. Miguu yako haijashindwa kuota, binti yangu. Ni kwamba mkia umeondolewa kabla ya zamu yake.

Angalia watu wa kwetu wanavyojenga. Mtu ana nyumba ya udongo, anataka ya matofali ya kuchoma. Anaianzisha nyuma ya ile ya zamani, msingi mwaka huu, kuta mwakani, na miaka yote hiyo anaendelea kulala kwenye ya udongo na kupikia humo. Anaibomoa siku bati zimeshapigwa kwenye mpya. Hakuna fundi wa Ilemi wala Uyole atakayemshauri mtu abomoe kwanza ili apate ari ya kujenga.

Sasa tuje kwenye namna mkia unavyoondoka, maana hili nalo lina uzito. Haudondoki. Hutakuta mkia wa kiluwiluwi umeelea dimbwini. Seli zake zinapokea homoni ile ile iliyootesha miguu, lakini kwake ujumbe ni wa kujivunja. Misuli inameng’enywa kutoka ndani, seli za kinga zinafagia mabaki, na viini lishe vinaingia kwenye damu kwenda kujenga mwili mpya. Kwa lugha ya nyumbani, chura anaula mkia wake. Na anauhitaji, kwa sababu siku hizo hali kitu kingine. Mdomo wa kukwangua unabomolewa na taya pana la kukamatia wadudu halijakaa sawa. Ulimi ndio kwanza unatengenezwa. Utumbo mrefu unafupika mno. Kwa chura wa kundi la Xenopus, wale wenye makucha wanaotumiwa sana maabara, unapungua kwa kiasi cha robo tatu ya urefu wake. Huwezi kupitisha chakula kwenye utumbo ulio matengenezoni. Kinachombeba siku hizo ni akiba ya mwilini, mkia ukiwemo.

Hapa nataka kusimama kidogo kwa ajili ya afya yako. Umesema hamu ya kula imepungua na usingizi hauji. Usijifariji kwamba hata chura huacha kula anapobadilika. Chura ana mkia wa kumlisha, na kufunga kwake ni kwa siku chache zilizopangwa na mwili wenyewe. Wewe ni mtu, na mwili wako hauna mpango huo. Hali kama hiyo ikidumu zaidi ya wiki mbili ni jambo la kumweleza daktari. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, mweleze yote kama ulivyoniandikia mimi, usione haya kusema kwamba moyo umechoka. Kwa hili mfano wa chura hautoshi na sitaki uutumie.

Turudi dimbwini. Katika majaribio mengine jicho lilipandikizwa kwenye mkia wa kiluwiluwi. Wakati wa kubadilika ulipofika, nyama yote iliyolizunguka jicho lile iliyeyuka, jicho lenyewe likabaki zima. Homoni iliupitia mkia wote, lakini kila tishu ilijibu kwa asili yake. Jicho ni jicho hata likikaa mkiani. Na mwaka 1992 Peter Hepper na Bruce Waldman walionyesha kwamba chura aliyezoeshwa harufu fulani akiwa bado yai anaendelea kuipenda baada ya kugeuka chura. Ubongo umepangwa upya, macho, ngozi na damu vimebadilika, na bado anakumbuka harufu ya yaini.

Mimi nauliza, katika viazi vile kulikuwa na jicho gani? Wewe umefanya biashara ya lumbesa. Unajua gunia lililojazwa mpaka likavimba kilo zake ni ngapi na mkulima anaibiwa kiasi gani. Unajua dalali anavyosema bei ya asubuhi na bei ya mchana. Unajua viazi vya Njombe vikikaa siku ngapi kwenye mvua vinaoza, na hasara hiyo inaandikwa wapi, au kwa kweli haiandikwi popote. Huo ni uhasibu ambao darasani hawafundishi. Wafanyabiashara wangapi wa viazi pale Mwanjelwa wana daftari la mauzo linalosomeka? Wangapi wanaiogopa mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, kama nyoka kwa sababu hawajui hesabu zao zinasimama wapi? AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) ngapi za huku nyanda za juu zinagombana kila mkutano mkuu kwa sababu mtunza hesabu hajasomea? Mtu mwenye stashahada yako aliyewahi kukaa juu ya gunia la viazi anaweza kuingia mahali ambapo mwenye cheti peke yake haaminiwi. Ukiutupa mkia mzima, unatupa na lishe iliyokuwa ijenge miguu yako.

Kuhusu kuwa katikati. Hili mnenaji wenu hakuligusa kabisa, na kwangu ndilo kubwa. Mwaka 1977 Richard Wassersug na Deborah Sperry walipima mwendo wa vyura wadogo wa Marekani katika kila hatua. Kiluwiluwi aliogelea vizuri. Chura kamili aliruka vizuri. Aliyekuwa na miguu na mkia kwa pamoja alishindwa yote mawili: mkia ulimzuia kuruka, na miguu ilimburuza alipoogelea. Nyoka wanalijua hilo. Tumboni mwa nyoka waliochunguzwa, hao wa katikati walionekana wengi kuliko idadi yao pale dimbwini. Kwa hiyo usijilaumu unapoona huna wepesi uliokuwa nao sokoni wala huna ule unaouona kwa wenzako wa ofisini. Huo udhaifu ni wa hatua yenyewe. Hauna maana kwamba umeshindwa.

Mwaka uliofuata, 1978, Wassersug na Stevan Arnold wakatazama wanachofanya hao wa katikati kwenye kingo za dimbwi. Wanakusanyika. Wanakaa makundi makundi majanini, na watafiti hao waliona huenda kukusanyika huko ni namna mojawapo ya kujikinga. Nenda mwenyewe kwenye dimbwi lolote mwezi wa Januari au Februari, utawakuta ukingoni, wamerundikana kwenye nyasi zenye unyevu, mkia bado unaonekana. Umri unaohitaji wenzako kuliko wakati wowote ndio ulioambiwa ufute namba zao. Hilo ndilo lililonisikitisha kuliko yote katika barua yako.

Sisemi kila namba irudi. Kuna mtu alikuwa anakukopa hakulipi, kuna mwanamume alikuwa anakudhalilisha, kuna rafiki ambaye kila mkikutana unarudi umelewa. Hao si mkia wako, na kuwaacha hakuhitaji somo la baiolojia. Lakini mama mdogo aliyekuamini akafanya biashara pamoja nawe mpaka ukasoma, huyo hakuwa anakuvuta nyuma. Alikuwa anakusukuma mbele, kama mkia unavyofanya kazi majini.

Umesema pia wenzako mliohitimu pamoja wengine wameshaajiriwa. Ratiba za vyura hazilingani hata kidogo. Kuna chura wa jangwani Marekani, wa kundi la Scaphiopus, ambaye hutoka kwenye yai akawa chura ndani ya siku 8 hivi, kwa kuwa dimbwi lake litakauka. Na kuna chura mkubwa wa huko huko, Lithobates catesbeianus, ambaye kwenye maji ya baridi hubaki kiluwiluwi miaka 2, hata 3. Baridi huchelewesha, vijito vya Uporoto na Kitulo ni vya baridi, na viluwiluwi wa vijito vya namna hiyo hawaharakishi kama wale wa madimbwi ya moto kule Usangu. Na anayeharakishwa analipa. Dimbwi likianza kukauka, homoni ya msongo huungana na ile ya thairoidi, kiluwiluwi anageuka mapema, anaokoka, lakini anatoka mdogo, na chura mdogo ana maisha magumu zaidi huko nje. Wakati mwingine hakuna namna, maji yanaisha kweli na inabidi kutoka. Lakini ni kosa kumtangazia mtu kwamba dimbwi lake limekauka wakati bado lina maji.

Na wapo wanaoonekana kana kwamba hawakupita kokote. Milima yetu ina vyura wa ajabu wa kundi la Nectophrynoides, wanaopatikana Tanzania peke yake. Mmoja wao, Nectophrynoides viviparus, anaishi hata misitu ya huku Rungwe. Hawatagi dimbwini. Wanazaa, na kinachotoka ni kichura kamili chenye miguu minne. Ukikiona utasema hiki hakikuwahi kuwa na mkia. Kilikuwa nao. Kilipitia hatua zake tumboni mwa mama, mahali usipopaona. Kuna vijana wa hivyo: baba alikuwa mhasibu, mjomba ana ofisi, mafunzo ya kazi waliyapata nyumbani tangu sekondari. Siku ya kwanza kazini wanaruka. Usijipime nao kwa kudhani wameruka hatua.

Hata hao hawajimudu peke yao. Ndugu yao mmoja, chura wa Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye bonde la mto Kihansi, mpakani mwa Iringa na Morogoro, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua, na mwaka 2003 vyura wakaporomoka kwa kasi. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani walizaana, wakarudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi. Walizaliwa kamili, lakini ukamilifu wao ulitegemea maji ya mahali pao.

Hilo linanileta kwenye madini joto, ambayo sisi wa nyanda za juu tunayafahamu kwa shingo zetu. Homoni ya thairoidi haitengenezwi bila madini hayo. Kiluwiluwi hana namna ya kuyazalisha. Anayatoa kwenye maji na chakula. Yakikosekana, kugeuka kunakwama, hata kiluwiluwi awe mzima kiasi gani. Binadamu ni hivyo hivyo. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua miaka na miaka, na mazao yanayoota humo yanakuwa na madini joto machache. Ndiyo maana rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa jambo la kawaida kwa bibi zetu huku kusini, na watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa. Ukanda wetu ulikuwa kati ya walioathirika zaidi nchini. Miaka ya 1980 watu wakaanza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi. Rovu likapungua sana. Wale bibi hawakuwa wavivu, hawakurogwa, na hakuna mnenaji ambaye angewahamasisha mpaka shingo ikapona. Walikosa kitu kidogo ambacho udongo haukuwa nacho.

Kwa hiyo unaponiuliza miguu iko wapi, sehemu ya jibu iko nje yako. Nafasi za uhasibu Mbeya ni chache kuliko wahitimu. Hilo halibadiliki kwa wewe kuzidisha nia wala kuzidisha kufuta. Unachoweza ni kutafuta chumvi: mtu wa kukupa miezi michache ya kujitolea kwenye hesabu za SACCOS, mwalimu wako wa chuo wa kukuandikia barua, kikundi cha VICOBA kinachohitaji mtu wa kufunga mahesabu ya mwaka. Na vitu hivyo vyote hupatikana kwa watu, kupitia zile namba ulizofuta.

Jambo moja zaidi kuhusu mfano wenyewe. Wale Xenopus niliowataja hubadilika kama wengine, miguu minne, mkia unakwisha, na bado wanaishi majini maisha yao yote. Kukomaa kwao hakukuwatoa dimbwini. Inawezekana nawe utakuwa mhasibu mzuri ukiwa ndani ya biashara ya viazi mpaka uzeeni, na hakutakuwa na upungufu wowote. Na tofauti na chura, wewe unaweza kurudi hatua ya nyuma ukachukua ulichoacha. Chura hawezi, mkia ukishakwisha umekwisha. Mpigie mama mdogo wiki hii. Kama namba umeifuta, mtu wa Njombe hakosi ndugu wa kumpa. Usianze na hadithi ya semina. Msalimie, mwulize msimu wa viazi unakwendaje, kisha mwambie unaomba kumshikia hesabu huku unaendelea kutafuta kazi. Kama amekasirika, ana haki, mwache aseme mpaka amalize.

Sasa viluwiluwi wa watoto. Acha chupa, shingo yake ni nyembamba na hewa haitoshi. Tumia beseni pana. Maji yatoke dimbwi hilo hilo au yawe ya mvua. Ya bomba yana klorini, yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Chukua wachache, 5 au 6, usiwarundike. Walishe mchicha uliochemshwa ukalainika, kipande kidogo tu, na uondoe masalia kabla hayajachacha. Kila baada ya siku chache badilisha sehemu ya maji, usiyamwage yote. Beseni likae kivulini. Jua la mchana, hata hili la Mbeya lenye upepo baridi, litawachemsha.

Miguu ya mbele ikitokeza, acha kuwalisha, watoto wataona mkia unavyopungua siku hadi siku. Hapo hapo punguza maji na uweke jiwe au udongo wenye mteremko. Hili usilisahau: anayebadilika anahamia kwenye mapafu, na akikosa mahali pa kupanda atazama afe kwenye maji yale yale aliyokulia. Funika beseni kwa kipande cha chandarua, maana wakianza kuruka hutawapata. Watoto wakiwashika, mikono iwe imelowa maji safi na isiwe na mafuta wala losheni. Ngozi ya chura hunywa vitu vingi vinavyoigusa.

Wakishakuwa vyura, wapeleke dimbwi lile lile ulikowatoa, wala si jingine hata liwe zuri zaidi. Kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote, na Kihansi nako alikutwa mwaka ule wa 2003 walipoporomoka. Anasafiri kwa maji, kwa matope na kwa chura wanaohamishwa. Maji ya beseni yamwage kwenye udongo mkavu mbali na kijito, osha beseni kwa sabuni, lianike juani mpaka likauke kabisa kabla ya kulitumia tena.